Kila Chenye Uhai Huitikia

Bweni la Wasichana, chumba cha sita
9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na Bibi mkiwa wazima. Mimi ni mzima, ila kidole gumba kilichobanwa na mlango wa bweni bado ni cheusi. Mwambie Bibi kwamba sweta aliyonifumia inanikaa vizuri mabegani. Mikono tu ndiyo imekuwa mifupi, na kosa si lake, ni langu kwa kurefuka.

Mama, nimekasirika. Mwalimu wa lugha anatufundisha kwamba barua nzuri humfikisha msomaji kwenye jambo lenyewe polepole, lakini nimejaribu mara tatu na polepole imenishinda.

Jumapili iliyopita nilisimama saa nzima kwenye foleni ya simu nje ya ofisi ya mlezi wetu. Nilikuwa na habari moja tu. Nilisema, "Mama, nimechaguliwa!" Ukanyamaza. Nikapaza sauti: "Nimechaguliwa kuzungumza Siku ya Wazazi, darasa zima mimi peke yangu!" Nawe ukajibu, "Pole, mwanangu. Kunywa maji mengi, ulale." Kisha ukakata.

Simu ile husikika hadi nyuma ya foleni. Sasa wenzangu wakikutana nami koridoni hawasemi habari za asubuhi. Wanasema, "Pole, mwenzetu, kunywa maji mengi." Kama ulikuwa unatania, sikuuelewa utani huo. Kama nimekukosea, niambie kosa langu. Jumapili ya kabla ya hiyo nilikuuliza Bibi anaumwa mguu upi, ukasema, "Ndiyo, sawa." Hakuna mguu unaoitwa ndiyo.

Mada yangu ni jinsi viumbe hai wanavyoitikia mazingira yao. Mwalimu wa baiolojia ameandika ubaoni: *Kila chenye uhai huitikia.* Tuliweka mche wa maharage ndani ya boksi lenye tundu moja, na baada ya siku tano ulikuwa umepinda shingo kuelekea kwenye tundu kama mtu anayechungulia nje. Jongoo ukimgusa hujikunja. Jiwe ukiligusa hukaa hivyo hivyo. Mwalimu anataka nitoe mfano mmoja kutoka nyumbani, usiomo kitabuni. Nisaidie kuupata.

Na uje. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Julai. Ukija nitajua kwamba hukuwa unanicheka.

Binti yako

*

Nyumbani
1 Machi

Kwa Bi Maswali,

Marahaba. Sisi hatujambo. Bibi yako amefurahi kusikia habari za sweta na tayari anafumua nyingine ili apate uzi wa kurefusha mikono, kwa hiyo usishangae ukiletewa mikono miwili bila sweta. Mguu ni wa kushoto, na umepona.

Kwanza, hongera. Nimeisoma habari yako mara mbili, nikamsomea na bibi yako, naye akataka kulia, nikamkataza. Simu ya shule yenu ni mbovu. Inakoroma. Kuanzia leo tuandikiane, usipoteze tena saa nzima kwenye foleni. Wanaokucheka waambie maji ni dawa.

Siku ya Wazazi sitaweza kuja. Niko zamu. Usiniulize zaidi.

Mfano ninao, tena mzuri kuliko wa maharage. Ukumbi wetu kiwandani una mashine za kufuma mia mbili, na zikiwashwa zote huwezi kumsikia mtu hata akikupigia kelele sikioni. Mgeni akija, mwezi wa kwanza analia kichwa kinamuuma. Tunampa pamba ajazie masikioni. Mwezi wa tatu anatupa pamba, haisikii tena ile kelele. Amezoea. Mwili wa mtu una akili, mwanangu.

Na tunazungumza kutwa nzima! Kwa midomo tu, bila sauti. Unaliumba neno kwa mdomo, taratibu, na mwenzako anakusoma kutoka mashine ya kumi. Yule rafiki yangu tunayemwita Gazeti anaweza kukupa habari za ukoo mzima bila kutoa pumzi. Juzi msimamizi wetu alisimama kati yetu, amempa Gazeti mgongo. Gazeti akawa ananieleza, juu ya bega lake, kwamba suruali yake imepasuka nyuma, na kipande kinachoonekana kina maua. Nikacheka. Msimamizi akafikiri namchekea yeye, akanipungia mkono, akaondoka na maua yake.

Miaka kumi na saba niko pale, tangu wewe hujaanza kutembea. Silalamiki, nalala vizuri. Andika hivyo, kwamba binadamu huzoea.

Mama yako

*

Bweni la Wasichana
28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilifika shule salama. Mwambie Bibi mikono ya sweta nayo imefika, na kwamba umoja wao na sweta unaendelea vizuri.

Nilikaa nyumbani likizo nzima bila kulisema jambo hili, na sasa niko mbali naliandika. Najua ni uoga. Lakini nikiwa mbele yako unanitazama mdomoni, na siku hizi najua kwa nini unanitazama mdomoni.

Nilipofika niliona umehamisha meza. Kiti chako sasa kiko ukutani, kinatazama mlango. Bibi akitaka kukwambia jambo hugonga meza kwanza, unageuka, ndipo anasema. Hukunieleza, naye hakunieleza, mnafanya kama watu waliokubaliana zamani. Jirani alibisha hodi mara tatu nawe umekaa ukichambua maharage, hadi mimi nikaenda kufungua.

Alhamisi asubuhi ulikuwa unakunja shuka zilizokauka, umeelekea dirishani. Nilisimama nyuma yako, hatua nne. Nilizihesabu, kwa sababu mwalimu wetu hataki habari zisizo na vipimo. Nikasema, "Mama," kwa sauti ya kawaida. Nikasema tena kwa sauti ya kumwita mtu aliye uani. Kisha nikasema, "Mama, moto!" Mwisho nikasema, "Mama, nimefukuzwa shule."

Ukaishika shuka ncha kwa ncha, ukaikunja, ukailaza. Ulikuwa unaimba wimbo kwa chini. Ulipogeuka ukanikuta, ukatabasamu, ukauliza, "Umesimama hapo tangu saa ngapi?"

Nikatoka nikaenda kuosha ndoo iliyokuwa safi.

Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia, bila kumwambia ni nani. Amenichorea. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo mno, na sauti ikipita huinama kama nyasi kwenye upepo, kisha huinuka. Kelele kubwa ikipita kila siku, vinachoka kuinuka. Vikifa havioti tena. Mgeni wenu wa mwezi wa tatu hajazoea, Mama. Kilichokuwa kinalalamika ndani yake kimekufa, basi kumekuwa kimya.

Wewe ulijua. Uliniacha nidhani kwamba hunitaki kwenye simu. Niliandika katika daftari langu maneno mabaya kuhusu wewe, nami leo nimeyachana, na hilo nalo limenikasirisha, kwa sababu ungeniambia nisingeyaandika. Nilikuita mara nne, hukuitika, nami ninajifunza kila siku kwamba kila chenye uhai huitikia!

Nakuomba mambo mawili. Nenda ukapimwe. Na uombe kuhamia kile chumba cha ukaguzi ulichoniambia zamani, kule mnakotazama vitambaa na hakuna mashine hata moja, kabla hicho kilichobaki hakijaisha.

Binti yako

*

Nyumbani
6 Juni

Marahaba.

Bibi yako hajambo. Mvua imeharibu kona ya paa juu ya kitanda chako, na fundi amekuja akaiziba. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Barua yako imekaa wiki tano kwenye mfuko wa aproni yangu. Nimeanza kuijibu mara nyingi. Majibu ya mwanzo yasingefaa mtoto kuyasoma.

Umenipima. Mama yako mzazi, umenipima kama panzi wa maabara, hatua nne, na vipimo. Ulisimama nyuma yangu. Nyuma! Ukaita moto kwa mtu usiyetaka akusikie. Ungenigusa bega. Mtoto wa miaka miwili anajua kumgusa mama yake bega.

Sasa nikufundishe mimi somo lisilomo katika daftari lako. Unasema nikapimwe. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alikwenda kupimwa, na masikio yake yalikuwa bora kuliko yangu. Karatasi ya daktari ikafika ofisini. Wakamwita, wakamwambia ni kwa usalama wake, kwamba mtu asiyesikia king'ora hawezi kukaa ukumbini. Chumba cha ukaguzi wakasema kimejaa. Ijumaa hiyo hiyo wakampa mkono wa kwaheri na kitambaa cha meza. Kitambaa chenyewe kilifumwa kwenye mashine yake. Alikijua kwa kasoro ya pembeni.

Huyo alikuwa mfumaji hodari. Leo anakaa nyumbani kwa mwanawe, anaambiwa, "Tulia, Mama."

Mimi nikilaza kiganja changu kwenye chuma najua uzi wa upande upi utakatika kabla haujakatika. Vijana wenye masikio mazima huniita niwaonyeshe. Hiyo ni kazi yangu, naijua, naipenda, na sitaipeleka kwa daktari aniandikie karatasi ya kuinyang'anya. Nisipopimwa, sina neno. Nikipimwa, nina neno, na neno hilo hukuliandika katika barua yako lakini nimeliona limekaa kati ya mistari.

Nilizoea. Hilo ndilo neno langu, nalo linanitosha.

Siku ya Wazazi siji. Watu watacheka nisijue kimechekesha nini. Watapiga makofi nami nitachelewa kama saa mbovu. Mzazi aliyekaa jirani yangu ataniuliza jambo nami nitamjibu "ndiyo", kumbe ameniuliza jina langu. Unataka wenzako wapate kitu kipya cha kukusalimia nacho?

Na katika hayo mazungumzo yako usinitaje.

Mama yako

*

Bweni la Wasichana
15 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari zangu ni nzuri. Kidole gumba kimeota ukucha mpya.

Ungenigusa bega. Hilo ni kweli, na kwa hilo naomba msamaha. Nimelifikiria kila siku tangu barua yako ifike, hata wakati wa hesabu. Lakini ni kwa hilo peke yake. Mengine bado nimeyakasirikia, na sasa nimeongeza na ofisi yenu.

Nilimpa mwalimu rasimu yangu. Nilikuwa nimeandika ulivyoniambia, kwamba wafumaji huzoea kelele. Akapiga mstari mwekundu juu ya "huzoea", akaniita mezani kwake. Akasema, "Hili ni kosa la watu wengi. Mfumaji mmoja hazoei kelele. Anapungua tu. Kinachobadilika kulingana na mazingira ni ukoo mzima wa viumbe, kwa vizazi vingi, kwa sababu wanaoshindwa hufa bila kuacha watoto."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, ili wafumaji wazoee kweli, inabidi wafe wangapi kwanza?"

Akaweka kalamu chini. Akasema hakuwahi kuulizwa hivyo, na kwamba nisiliandike swali hilo kwenye mtihani. Kisha akasema, "Liandike kwenye hotuba."

Lakini ile midomo, Mama, hiyo ni kuitikia. Mwalimu amekubali. Mlijiumbia njia yenu mahali ambapo sauti haipiti, bila mtu kuwafundisha. Mche wetu ulipinda shingo, ninyi mkatengeneza lugha. Hilo nitalisema, na nitasema pia kwamba lisingehitajika kama mtu mmoja tu angeuliza kelele inatoka wapi. Mimi na wewe tumegombana miezi minne kuhusu nani abadilike. Hakuna aliyekiuliza kiwanda. King'ora hakiwezi kuwa taa? Taa nyekundu inayowaka na kuzima, hata aliye mashine ya mwisho ataiona. Nauliza tu.

Sitakutaja. Nitasema "mfumaji mmoja ninayemjua".

Kila asubuhi nafanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, naumba maneno kwa mdomo, taratibu, bila sauti. Wenzangu wanasema nafanana na samaki aliyeudhika. Nimeomba nizungumzie upande wa kushoto wa jukwaa, karibu na dirisha, ili mwanga uniangukie usoni. Nimeomba pia kiti kimoja safu ya mbele. Mlezi ameuliza ni cha nani, nikamwambia ni cha mgeni wangu.

Usipokuja, nitazungumza hivyo hivyo.

Binti yako

*

Nyumbani
4 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na amekasirika kwamba sikumchukua. Anasema kiti kilikuwa kimoja lakini yeye ni mwembamba.

Uliniona nikiingia, na uliniona nikitoka kabla ya chai. Ulidhani nimekimbia. Nilikimbia. Mkuu wa shule yenu alikaa kando yangu akanizungumzisha huku anatazama jukwaani, nikaona shavu lake tu likipanda na kushuka. Nilikubali kila kitu. Huenda sasa mimi ni mwenyekiti wa kamati fulani, uniulizie.

Waamuzi wa hotuba za madarasa wamekupa nafasi ya tatu na kusema unatafuna maneno. Wao hawakusoma mdomo, walikuwa wanasikia. Mimi sikupoteza neno hata moja. Ila ulipanua mdomo mno, mfumaji hafanyi hivyo. Ulikuwa kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Mdomo huachwa ufanye kazi kidogo, macho yafanye iliyobaki. Nitakuonyesha.

Ulipofika kwa "mfumaji mmoja ninayemjua" nilitaka kuinuka nikakushushe kwenye jukwaa. Ukumbi ulijaa watu nami nikajiona nimevuliwa nguo. Niliondoka na hasira, nikaingia nyumbani na hasira, nikalala nayo. Nisikudanganye, bado ninayo. Lakini Jumatatu hasira hiyo ilipata mtu mwingine wa kumwangukia.

Msimamizi alizima mashine saa nne, akatukusanya, akatoa karatasi akasoma. Anasoma ameinama, pua iko kwenye karatasi. Siku zote nikikosa namtazama Gazeti, naye hunipa yote kwa mdomo. Nikamtazama. Nikamwona yeye ananitazama mimi.

Nikamwuliza kwa mdomo, "Amesema nini?"

Akajibu, "Sijui. Mimi huwa nakusubiri wewe."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

Miaka, mwanangu! Miaka tumesimama mashine kumi mbali, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye masikio. Nikageuka nikawatazama wengine. Wanawake thelathini, wote wanatikisa kichwa kwa msimamizi kwamba wameelewa, na kila mmoja macho yamekwama kwenye uso wa jirani yake. Hakuna aliyekuwa akimtazama anayesoma.

Nikasema kwa sauti. Sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, lakini alishtuka hadi karatasi ikakunjika.

"Inua uso unaposema nasi. Hatusikii."

Akainua uso. Niliusoma mdomo wake vizuri sana. "Nani hasikii?"

Nikasema, "Mimi."

Gazeti akainua mkono wake, akaushusha, akauinua tena. Wengine wakatazama viatu vyao, na siwalaumu, maana wiki iliyopita nami ningevitazama vyangu. Nikamwuliza kwa nini king'ora kisiwe taa. Akasema hilo si la kwake, ni la ofisini. Nikamwambia basi apeleke ofisini kwamba kuna wafumaji wawili wanaouliza, kwamba tutapimwa kwa daktari tutakayemchagua wenyewe, na kwamba chumba cha ukaguzi hakijajaa, nimekwenda kuvihesabu viti vyake. Vinne havina mtu.

Akasema ili apeleke lazima aandike nani ameuliza. Akatoa kalamu, akaniangalia kama mtu anayenipa nafasi ya kurudi kwenye mashine yangu kabla mambo hayajaharibika.

Sijui watanijibu nini. Sijui kama wiki ijayo nitakuwa na ukumbi wa kwenda. Wewe ukiulizwa mfumaji yule ni nani, sema ukweli.

Akaandika herufi ya kwanza ya jina langu, akaikosea. Nikamsimamisha, nikamsogelea hadi mezani, nikamtajia zote upya, moja moja, hadi ya mwisho.

Mama yako